Nukta kwa Nukta

Dashibodi ilisema elfu tisini na sita.
Mwuzaji naye, pale Raskazone, alisema hivyo hivyo,
akaongeza: gari la daktari, halijawahi kukanyaga tope.
Na mimi, mkopo wa ushirika umo mkobani,
nikaitikia kama mwana chuoni.

Miezi minne limenipandisha Amani na kunishusha,
magunia ya iliki nyuma,
pilipili manga hadi kiti cha mbele,
tope mpaka kwenye vioo,
nalo halikukohoa.
Ndiyo maana nilikwenda kumwaga oili tu.

"Mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini?"
Nikamwonyesha Fundi Semhando dashibodi.
Akacheka kwa pua.
"Hiyo ni saa ya ukutani, Mama Saumu.
Mwenye kigoda yeyote anaifikia."

Gereji yake iko Makorora, nyuma ya mashine ya kusaga:
unga unatua juu ya grisi, grisi inashika unga,
baiskeli zinapita, kengele, kengele.
Aliyeinama chini ya boneti ni Mwantumu, binti wa VETA,
ushungi ameuchomekea ndani ya ovaroli.
Akatoa feni, akatoa redieta,
maji ya kijani yakajaa beseni la kufulia.
Pulii ya krenki ilikataa,
ikatakiwa bomba refu na wanaume wawili wa kulining'inia.
Kisha kifuniko.

Hapo ndipo tulipoikuta karatasi.
Ndogo, ya njano, imegandishwa ubavuni,
maandishi ya Kijapani kama njiti za kiberiti zilizomwagika.
Hakuna aliyeyasoma.
Lakini tarakimu ni tarakimu hata huko kwao:
laki mbili, elfu kumi na nne, mia sita.

Mashine ya unga ikanyamaza.
Labda umeme.

Semhando akaukunja mkanda mgongo nje,
nyufa zikafunguka kama visigino vya mponda kokoto.
Meno mawili yamelika hadi kwenye uzi.
Wahenga wamesema mengi juu ya ufa wa ukuta;
ufa wa raba hawakuachia methali.
"Mnyororo hulia kabla," alisema, "hata jirani atakwambia.
Mkanda hauagi. Unakatika konani, mlimani,
valvu inashuka, pistoni inapanda,
vinakutana vitu ambavyo kazi yake ilikuwa kuvipishanisha."

Nikahesabu kona za Amani.
Nikahesabu safari za usiku,
na yule mjamzito wa Zirai niliyemkimbiza Muheza,
akinishika bega kila tulipopinda.
Nikaacha kuhesabu.

Mkanda mpya. Tenshena mpya. Na wota pampu,
"maana hutaki tufungue tena mwakani."
Magunia mawili ya iliki yakaondoka hivyo,
bila kupimwa.

Ikabaki kazi ya macho:
nukta ya kamshafti kwa nukta ya kichwa,
nukta ya pampu ya dizeli kwa mwenzake,
nukta ya krenki kule chini, imejificha kwenye masizi.
Mwantumu akavisha, akakaza,
akaizungusha injini kwa spana, kwa mkono,
mizunguko miwili, taratibu,
anasikiliza kwa kiganja.
Ya pampu ikawa imepita jino moja.

"Si litawaka tu," alisema kijana wa matairi.
"Kuwaka litawaka," akajibu,
akaanza kulegeza bolti upya.

Alasiri ikamkuta bado ameinama.

Lilipowaka, liliwaka bila maneno.
Moshi mweusi kidogo, kisha hakuna.
Nilitaka lipige japo kelele moja ya shukrani,
pesa zote zile.
Halikusema.

Akachukua kalamu ya rangi nyeupe,
akaivua kofia kwa meno, akanigeukia:
"Niandike ngapi, mama? Ya dashibodi au ya karatasi?"

Nikamtazama Semhando. Semhando akatazama barabara.

"Andika tarehe," nikamwambia.
"Na jina lako. Lote.
Kwa herufi ambazo atakayelinunua kwangu
ataweza kuzisoma."